Papa Virgule

Sijui alikuwa mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Surua iliniondolea macho nikiwa mdogo, na tuliache hilo. Watu wanaponiomba niwaeleze yule mzee husubiri niwape sura, nami sura sina. Ninachojua ni kiatu chake cha kulia, kilicholia kila akikanyaga, huku cha kushoto kikinyamaza. Najua harufu ya sabuni ya kipande na tumbaku ya kunusa. Najua mwavuli alioubeba masika na kiangazi, akiugonga sakafuni kabla ya kuketi. Na sauti yake ningeitambua hata katikati ya makelele ya mpakani Rusizi ya Kwanza, pale wachuuzi wanapogombania njia ya kwenda Bukavu.

Alikuwa msomaji wetu wa mitihani. Katika chuo chetu cha kilimo, mjini Kamembe, wanafunzi tusioona tulikuwa wachache wa kutosha kusahaulika. Mitihani ya breli iliahidiwa kila muhula, na kila muhula mashine ya kuichapa ilikuwa bado njiani. Kwa hiyo tulipewa mtu wa kutusomea maswali na kuandika majibu kama tunavyoyatamka, chumba cha peke yetu, na muda wa ziada. Wakuu waliita hiyo huduma, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kusema amekupa kanzu yake kuukuu.

Msomaji alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa enzi za Kifaransa. Alifundisha Bukavu miaka mingi kabla ya kurudi ng'ambo hii ya mpaka, na Kiswahili chake kilibaki kule kule. Kazi ya kutusomea alijitolea. Chuo kilimpa chai na asante, na chai yenyewe mara nyingi ilipoa kabla hajaipata.

Alisoma mtihani kama mwalimu anavyosoma imla. Hakuruka hata alama moja. Mitihani ilikuwa ya Kiingereza, lugha aliyoitamka kwa pua ya Kifaransa, na alama zote zilibaki za Kifaransa kitupu. Mkato aliutaja: virgule. Nukta aliitaja: point. Mstari ukiisha, à la ligne. Ukigeuza kwa Kiswahili, tulisikia hivi: "Eleza virgule kwa mifano miwili virgule sababu za mmomonyoko wa udongo point, à la ligne." Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikasahau jibu. Akasubiri nimalize, akagonga mwavuli, akaanza upya tangu juu, virgule zote zikiwa mahali pake. Mbele yake tulimwita Papa. Akitoka tu, alikuwa Papa Virgule. Tuliliimba lile jina kwenye ngazi za bweni, tukicheka, na hakuna mmoja wetu aliyeng'amua kuwa tumeitaja hatari kwa jina lake.

Fahari yake ilikuwa moja. "Mi nasomaka kile kiliandikwa," alisema. "Siongezi, sipunguzi." Wapo wasomaji wa siku hizi wenye huruma, wanaokohoa kwenye jibu sahihi. Yeye ungemlilia ukauke. Nilimwomba siku moja anirudie swali taratibu, nikitumaini sauti yake ingeinama mahali fulani ikanionyesha njia. Akalirudia taratibu, nyoofu kama rula. Kisha akasema, akiniita mama kama wanavyoitwa wasichana Bukavu, "Macho nakuazima, maman. Akili ulete mwenyewe."

Ukaidi huo ulituumiza. Mtihani wa udongo ulikuwa na mchoro.

"Hapa kuna mchoro," akasema.

"Unaonyesha nini, Papa?"

"Kuna mchoro."

"Ndiyo, lakini kuna nini ndani?"

"Mchoro haikuandikwa, ilichorwa. Nikikuelezea, njo nitakuwa nafanya mtihani mimi."

Alama za mchoro zikapotea zote. Lakini alipotoka mle ndani alikwenda moja kwa moja kwa mhadhiri aliyetunga, na kupitia ukutani nilimsikia akifoka kwamba kumpa asiyeona mchoro ni kumkaribisha mtu chakula na kumfungia mlango. Mhadhiri alimjibu kwamba mitihani ni ya wote. Msomaji akarudi akipumua kwa nguvu, akaketi, akaniambia tuendelee na swali linalofuata. Ndivyo alivyokuwa: hakukuongezea hata neno, na huku nje alikuwa tayari kupigana na mtu kwa ajili yako.

Kwa muda wetu wa ziada ndiyo kabisa. Chumba chetu kilikuwa stoo ya michezo, chenye harufu ya mipira na chokaa ya kuchorea kiwanja, na ukuta wa pili ulikuwa wa chumba cha mazoezi ya kwaya. Wenzetu wakimaliza, msimamizi alikuja na kwetu kukusanya, maana naye alikuwa na njaa yake. Msomaji aliuweka mwavuli kukingama mlangoni.

"Bado muda yabo."

"Mzee, wote wamemaliza."

"Hao wote banaona. Hawa muda yabo ingali."

"Mwavuli huo ondoa."

"Uruke."

Hakuna msimamizi aliyeruka. Nilimpenda siku hizo, na nalisema wazi kwa sababu baadaye nilimchukia, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

Sasa kisa cha kiziwi. Alikuwepo kijana mmoja kutoka Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe, asiyesikia. Macho yake yalikuwa mazima. Alichohitaji darasani ni mtu wa kumtafsiria kwa ishara, na chuo hakikuwa naye. Lakini chuo kilijua neno moja tu, mlemavu, na kwa mlemavu dawa ilikuwa moja: Msomaji. Wakampeleka akamsomee. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alisomewa. Msomaji alikaa mbele ya kijana yule akasoma mtihani mzima kwa sauti, virgule na point, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa, na kijana akamtazama mdomo kwa adabu, kisha akachukua karatasi akaisoma mwenyewe. Kisa hiki kilizunguka bweni zima. Wenyewe wawili walisalimiana kwa mkono tangu siku ile kama watu waliookoka ajali moja.

Mimi nilicheka kidogo kuliko wenzangu. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nilikuwa na mtihani wangu wa mwisho wa kilimo cha mpunga, na msomaji wangu alikuwa kwa kiziwi. Nililetewa mlinzi wa lango. Alikuwa mtu mwema na alijitahidi, lakini kusoma kwake kulikuwa kwa kuungaunga, na kila simu yake ilipolia aliipokea. Nilishindwa. Kanuni ilikuwa inaniruhusu kurudia mara moja, si zaidi. Nikishindwa tena, ufadhili ulikatika na diploma nayo ilikwenda na maji. Nyumbani Nyakabuye mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto wake atarudi mtaalamu. Alikuwa amewaambia hata wale ambao, nilipokuwa mdogo, walimshauri anifundishe kuomba barabarani.

Kwa mtihani wa kurudia nilimtaka yeye na hakuna mwingine. Nilikwenda ofisini nikasema simtaki mlinzi, simtaki mwanafunzi mwenzangu, namtaka Papa. Wakanichovya kidole kwenye wino, nikaweka alama ya kwamba msomaji huyo nimemkubali.

Asubuhi ya mtihani alikuja mapema, viatu vimepigwa kiwi, nilinusa. Akagonga mwavuli. "Sema, naandika," akasema. Ndivyo alivyofungua kila mtihani, na baada ya kila swali alirudia: "Sema, naandika."

Swali kubwa lilikuwa la pili. Lilibeba alama nyingi kuliko mengine yote pamoja. Alisoma: kuna shamba la mpunga bondeni la hekta moja virgule mia mbili hamsini, virgule, pata mbegu zinazohitajika virgule mbolea virgule maji virgule na vibarua point.

Nilifurahi nusura nimshike mkono. Mpunga! Mimi nimekulia Nyakabuye, njia ya kushukia tambarare ya Bugarama. Nimepalilia mpunga kwa kupapasa kabla sijajua kuandika. Hekta moja virgule mia mbili hamsini, yaani moja na robo. Kwetu mwenye hekta moja na robo ya mpunga hupishwa kiti kanisani. Nikamjua mtu huyo kabisa, nikaona familia yake na mfereji wake, nikampangia mbegu, nikampangia samadi na mbolea ya dukani, nikampa vibarua wa kupandikiza na watoto wa kufukuza ndege. Msomaji aliandika, kalamu ikikwaruza, wala hakusita. Alipomaliza aliniambia kitu ambacho alikuwa hajawahi kuniambia: "Leo umesema muzuri." Kwa mtu wa siongezi sipunguzi, hiyo ilikuwa zawadi.

Karatasi ilikuwa imeandikwa hekta elfu moja mia mbili hamsini.

Kosa lilikuwa mkato. Kwa aliyesomeshwa kwa Kifaransa, mkato ndani ya namba hutenga namba nzima na vipande vyake. Moja virgule tano ni moja na nusu. Kwa aliyesomeshwa kwa Kiingereza, mkato ule ule hutenga maelfu. Aliyetunga alikuwa wa Kiingereza. Msomaji alikuwa wa Kifaransa, na mimi, niliyejifunza hesabu kwa masista kwa Kifaransa kabla shule hazijageuza lugha, nilikuwa wa kwake. Aliliona shamba moja na mimi nikalisikia hilo hilo, nalo halikuwa shamba la mtihani. Nilikuwa nimeipangia bustani ya mtu mmoja nilipoulizwa bonde zima.

Mhadhiri, nasikia, alionyesha karatasi yangu kwa wenzake akacheka kwamba huyu amelima nyuma ya jiko.

Nilishindwa, na kicheko hicho ndicho kilichonifikishia habari ya kosa lenyewe. Nilikata rufaa. Tuliitwa mbele ya kamati, mimi na Msomaji, katika chumba chenye zulia lililoficha kilio cha kiatu chake. Mwenyekiti akampa karatasi.

"Mzee, tusomee swali la pili kama ulivyomsomea."

Akasoma. Hakutetemeka. Alipofika kwenye hekta, moja virgule mia mbili hamsini, mtu mmoja kijana akapasuka kicheko.

"Mzee, hiyo ni elfu moja!"

"Elfu iko wapi?" Msomaji akauliza. "Munionyeshe elfu. Mi naona moja, naona virgule."

Wakacheka wote. Nilidhani nimepona. Nilijua wameelewa, kicheko chao ndicho kilichoniambia. Nikasema, "Amenisomea vibaya. Nipeni swali lile lile sasa hivi, hapa hapa, niwajibu kwa mdomo." Nilikuwa nalo jibu kichwani, tayari nimelizidisha.

Mwenyekiti akasafisha koo. Akasema kamati imesikitika. Lakini mwanafunzi alipewa msomaji, alipewa chumba, alipewa muda. Msomaji huyo aliombwa na mwanafunzi mwenyewe, akawekewa kidole. Wala si mfanyakazi wa chuo, hivyo kosa lake haliwezi kuwa la chuo. Huduma ilitolewa.

"Nilipewa msomaji," nikasema. "Swali sikupewa."

Nikasikia viti vikisogezwa. Mkutano ulikuwa umekwisha.

Nje, kwenye ngazi, kiatu kikaanza kulia tena, kikasimama karibu yangu.

"Umesema nimesoma mubaya."

"Ndiyo, Papa."

"Mbele ya bantu."

"Ndiyo. Kwa sababu umesoma vibaya."

"Mi nilisoma kile kiliandikwa."

"Na mimi narudi Nyakabuye," nikasema.

Kiatu kikaenda zake. Siku zote yeye ndiye aliyenishika kiwiko kushuka ule mlima. Siku ile nilishuka na fimbo yangu, nikilia waziwazi, na waendesha pikipiki waliponiita niliwatukana. Sijutii nililosema mle ndani. Lilikuwa kweli, na ukweli ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Ila nilijua pia kuwa katika chumba kile wote walitucheka wawili, na tulitoka tukiwa tumegawana kicheko hicho kila mtu na chake.

Chuo hakikumwita tena. Nilirudi nyumbani, mama akawaambia majirani niko likizo, na likizo hiyo haijaisha mpaka leo. Nafuma masweta ya shule. Ndiyo, ya wanafunzi, cheka ukitaka. Siku hizi vipofu wa vyuoni wanasomewa na simu. Ninayo hata mimi. Ukiiwekea namba ile itasema elfu moja mia mbili hamsini bila kusita. Lakini haijawahi kumwekea mtu mwavuli mlangoni kwa ajili yangu.

Miaka ikapita. Mwaka huu, mvua zilipoanza, ilinipigia sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Ma soeur, dada yangu, mi ni mutoto ya ule mwalimu alikuwa nabasomea. Papa iko mugonjwa. Iko nakuuliza wewe tu. Uje, tafazali."

Nilikaa na simu mkononi nikiwa na hasira mpya kabisa, utadhani ngazi zile zilikuwa za jana. Kisha nikamwita mwenye pikipiki.

Nyumba yao iko kwenye mteremko wa kwenda mpakani. Binti alinipokea akiwa tayari amefunga mzigo wake wa nyanya. Alikuwa anavuka kwenda kuuza Bukavu na asingeweza kukosa siku. Njiani mpaka kitandani alininong'oneza. Baba yake bado anasoma, alisema. Anasoma gazeti kwa sauti, anasoma mifuko ya saruji, anasoma kila kitu. Lakini akikuta namba hunyamaza. Hupita kando yake kama mtu anayepita kando ya mbwa. "Na dawa hanywake. Nikimupimia, anaisukuma. Anasema tungojee wewe."

Akatuacha. Nilinusa tumbaku, na chini yake harufu ya ugonjwa. Mwavuli niliugusa kwa goti; ulikuwa umeegemea kitanda. Viatu sikuvisikia.

"Shikamoo, Papa."

"Maman. Umekuja." Sauti ilikuwa imebaki nyuzi. Akaniwekea chupa mkononi, ndogo, ya dawa ya maji. "Dawa ilitoka Bukavu. Iko na karatasi. Nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma vizuri tu, kwa Kifaransa chake safi, virgule zake zikiwa mahali pake, mpaka mahali pa kipimo. Hapo akakwama.

"Hapa kuna mbili," akasema polepole. "Kisha kamukia, kadogo. Kisha tano. Ni mbili na nusu, ama ni maelfu? Nimeangalia siku mingi. Zamani nilikuwa najua. Wewe unaonaje?"

Alikuwa ananiuliza mimi, kipofu, nimwonee mkato.

Nikataka kucheka, nikashindwa. Ile karatasi ilikuwa ya Kifaransa, lugha yake mwenyewe, na kwa mara hii virgule ilikuwa virgule. Angeisoma kama alivyosoma maisha yake yote angekuwa sahihi, naye alikuwa amekaa na kikohozi chake hapo kitandani, haamini tena macho yake, akingoja ruhusa ya mtu mmoja.

"Mbili na nusu, Papa," nikasema. "Hapa ulisoma sawa."

"Hakika?"

"Hakika."

Kifuniko cha kupimia kilikuwa na mistari ya kupapasa. Nikapima kwa ukucha, akanywa, akapumzika. Nilidhani amesinzia. Nikaanza kutafuta fimbo yangu.

"Kuna shamba la mpunga bondeni," akasema.

Nikasimama.

Alilisoma lote, bila karatasi, kwa sauti ile ya imla iliyobaki nyuzi. Alipofika penyewe alivuta pumzi. "La hekta elfu moja," akasema, "mia mbili hamsini." Virgule hakuitaja. Kisha mbegu, mbolea, maji, vibarua. Point.

"Sasa nimesoma muzuri?"

 Diploma haikuwemo chumbani mle, wala kamati, wala mtu wa kutoa alama.

"Umesoma vizuri, Papa."

Nikasikia mkono wake ukipapasa blanketi, ukitafuta, kisha vidole vikakaa vile vinavyokaa kwenye kalamu. Kalamu hakuwa nayo.

"Sema," akaniambia. "Naandika."

Nikaketi. Nikaanza na mbegu, za hekta moja kwanza, kisha nikazidisha kwa bonde zima, taratibu ili aniwahi, nikimtajia kila alama. Binti yake aliporudi kutoka mpakani alitukuta hapo hapo, hatujafika kwenye maji.